Tumechanga milioni 14 tuwapeleke wazazi ng'ambo ufukweni, ila mama na maji hawapatani

Shikamoo Anti,

Mi ni dada wa miaka 38, naishi Dar, ni mhasibu, nina mume na watoto wawili. Kwetu ni Bukoba vijijini na wazazi wote wapo hai, namshukuru Mungu. Baba ana 71, alikuwa mwalimu wa historia sekondari, alistaafu miaka 11 iliyopita, mama ana 66 na yeye maisha yake yote ni migomba, ng'ombe wawili watatu na senene msimu ukifika. Tuko watoto wanne na wote tumesoma Anti, na naomba nikwambie tumesomaje. Mi nilipochaguliwa form five mama aliuza ng'ombe wake mwenye mimba, akanisindikiza stendi usiku bado giza, kanifungia ndizi za kuchoma kwenye jani la mgomba, afu gari lilipoanza kuondoka akanipitishia dirishani kandambili zake kwa sababu zangu zilikatika pale pale stendi. Yeye akarudi nyumbani peku. Sijawahi kuisahau ile siku na nadhani sitaisahau.

Sasa mwezi wa tisa mwakani ndoa yao inatimiza miaka 45. Mi na wadogo zangu tumechanga miaka miwili, kila mtu laki na nusu kila mwezi, tumefikisha milioni 14 na kidogo. Ndoto yangu ni wapumzike mahali pazuri kweli kweli, ng'ambo, ufukweni, wahudumiwe wao kwa mara ya kwanza maishani. Nimeangalia sana Maldives, zile nyumba zinazojengwa juu ya maji, unafungua mlango unashuka ngazi unaingia baharini, na sakafu nyingine ina kioo unaona samaki wanapita chini. Kuna kampuni ya utalii imenipa ofa ya siku 4, tiketi za watu wawili, nyumba ya juu ya maji na chai ya asubuhi, milioni 13.6. Wanataka nusu ya hela mwisho wa mwezi huu na wamesema ikishalipwa hairudi.

Mpango ni sapraizi. Tunawaambia waje Dar kupima afya, afu siku hiyo tunawapeleka eapoti badala ya hospitali, tumeshachapisha mpaka fulana za familia. Changamoto ndo hizi. Kaka yangu anasema hela yote hiyo tungewajengea tanki la maji na kubadilisha bati, kwamba wazee hawajui hata hoteli ya Mwanza ikoje tunawapeleka Maldives kufanya nini. Mdogo wangu wa mwisho yeye anataka waende wawili tu, iwe fungate ambayo hawakuipata. Paspoti hawana bado. Mama ana sukari anachoma insulini asubuhi na jioni, baba goti linamsumbua na ana presha ila anaimudu kwa dawa. Mama hajawahi kupanda ndege, na vyombo vya majini hataki kusikia tangu dada yake aliyemfuata alipofia kwenye meli ya MV Bukoba ilipozama, na ile ndege iliyoanguka ziwani Bukoba 2022 ndo kabisa, ila nadhani akifika akaona pale palivyo pazuri atasahau.

Nilipie Anti? Na wakienda wao wawili wataweza? Naomba unijibu mapema maana mwisho wa mwezi haupo mbali.

Binti wa Bukoba, Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu, na hongera zako na za wadogo zako. Laki na nusu kila mwezi kwa miezi 24 bila kuigusa, na kila mtu ana familia yake na kodi ya nyumba yake, hilo sio jambo dogo hata kidogo.

Usilipe hiyo nusu.

Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nasimama pale pale, kwenye ule mstari wa mwisho mwisho uliosema mama yako alifiwa na dada yake kwenye MV Bukoba, ukaupitia haraka haraka ukamalizia na "atasahau". Mwanangu, ile ilikuwa tarehe 21 Mei 1996. Ni karibu miaka 30 sasa na mamako bado hajakanyaga chombo cha majini, anaishi mkoa wenye ziwa. Huyo hajasahau na sakafu ya kioo haitamsahaulisha. Hebu fikiria tu safari yenyewe ya Maldives ilivyo. Ndege inatua kwenye kisiwa ambacho ni cha eapoti, na kutoka hapo kwenda hoteli nyingi ni boti ya mwendo kasi inayorukaruka juu ya mawimbi, au ni ile ndege ndogo inayotua majini kabisa na kuondokea majini. Umeona hapo? Boti ndo iliyomchukua dada yake, na ndege kuingia majini ndo kitu alichokisikia Novemba 2022 kimetokea kwao Bukoba, watu 19 wakafa, na inawezekana kabisa kuna jirani yake aliyepoteza mtu. Akishafika sasa ndo umlaze kwenye nyumba ambayo usiku kucha anasikia maji yanagonga nguzo chini ya kitanda. Atakaa siku 4 ameshika rozari, atakwambia pazuri mwanangu asante, kwa sababu ni mama na anajua mmechanga, na hatalala.

Sisemi Maldives pabaya, kwa wazee wengine ningekwambia nenda hata kesho, hasa wazee Waislamu, maana ni nchi ya Kiislamu, chakula halali, misikiti ipo, na viza ya siku 30 kila mtu anapewa bure akifika. Ila kwa mama huyu hapana. Na hata kwa hesabu, we ni mhasibu, angalia hiyo ofa vizuri. Imesema chai ya asubuhi tu. Hoteli nyingi kule ni kisiwa kizima hoteli moja, hakuna mgahawa wa jirani wala duka la mangi, mchana na usiku mnakula pale pale kwa bei ya pale pale. Kuna kodi ya mazingira ya dola 12 kwa kila kichwa kila usiku kwenye hoteli kubwa, na mara nyingi hiyo boti au hiyo ndege ya majini haimo kwenye bei ya chumba. Waulize hayo matatu kwa maandishi uone 13.6 inavyopanda. Na mtu anayetaka milioni 6.8 isiyorudi kwa wasafiri ambao hawana hata paspoti, mi huyo simwamini, hata kama ofisi yake ina kiyoyozi.

Sasa nikwambie mi ningewapeleka wapi. Mauritius.

Sababu ya kwanza ni hiyo hiyo ya maji. Mauritius ni kisiwa kikubwa, nchi nzima, kina milima na mashamba ya miwa na barabara, ukitua unapanda gari mpaka mlangoni kwa hoteli, hakuna boti. Eapoti iko kusini mashariki, fukwe za magharibi na kaskazini kama Flic en Flac au Trou aux Biches ni mwendo wa kama saa moja hivi. Na sehemu kubwa ya kisiwa imezungukwa na mwamba wa matumbawe mbali kidogo na ufukwe, mawimbi yanapasukia kule kule nje, huku ndani maji yanabaki yametulia kama bwawa, pengi unaweza kutembea hatua nyingi na maji bado yako magotini. Mama akitaka anakaa kwenye kiti chake mchangani, chumba cha chini kinachoangalia bustani, bahari aione kwa umbali anaoutaka yeye. Siku ya tatu akijisikia mwenyewe kuingiza miguu ataingiza, asipojisikia asisukumwe. Hotelini watawauzia safari za boti kwenda visiwa vidogo, mkatae mapema, msimtege na maneno ya "jaribu tu mama".

Ya pili, sio mbali. Kupitia Nairobi kuna ndege ya moja kwa moja, ni kama saa 4 angani, na Dar Nairobi ni saa moja na kitu. Saa zao zimetutangulia saa moja tu, hiyo kwa mtu wa insulini ina maana kubwa sababu ratiba ya kuchoma haivurugiki. Mtanzania haitaji viza ya utalii ila mpakani wanataka kuona tiketi ya kurudi, pa kulala na hela ya matumizi, na kuna fomu ya kujaza kwenye intaneti kabla ya kusafiri, hiyo ujaze wewe sio wao.

Ya tatu ndo ninayoipenda zaidi, na inamhusu baba yako. Umeniandikia kuwa alikuwa mwalimu wa historia kama vile ni kitu cha pembeni. Mwanangu, mwalimu wa historia huwezi kumkalisha siku 6 kwenye mwavuli wa makuti anaangalia watu wanaota jua, atachoka siku ya pili na goti litaanza kuuma kwa sababu ya kukosa kazi. Mauritius amekuwa akiifundisha bila kuiona. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja aitwae Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka, na sehemu kubwa ya walionunuliwa kwa biashara ile walipelekwa huko huko, enzi hizo Wafaransa wanakiita Île de France. Yaani watu wa kwetu, wa kusini kule na bara, wamezikwa kwenye mashamba ya miwa ya kile kisiwa. Kusini magharibi kuna mlima unaitwa Le Morne, jabali limesimama juu ya bahari, watumwa waliotoroka walikuwa wanajificha huko juu kwenye mapango. Wenyeji wanasimulia kuwa utumwa ulipofutwa mwaka 1835 askari walienda kuwapa habari, wale watu walipoona askari wanapanda wakadhani wanakuja kukamatwa, wakajirusha. UNESCO waliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2008. Kupanda mlima baba asithubutu na hilo goti, ila pale chini kuna mnara wa kumbukumbu, gari linafika, akae hapo nusu saa. Mpeni daftari. Nakuhakikishia akirudi kijijini atakuwa na hadithi ya kufundisha wajukuu mpaka waombe likizo.

Afu sapraizi iacheni. Najua fulana zimeshachapishwa, mtazivaa. Kwanza haiwezekani, paspoti mtu anaenda mwenyewe Uhamiaji anapigwa picha na alama za vidole, sasa utawaambia wanaenda kupiga picha ya nini? Ila hata ingewezekana ningekataa. Mtu mwenye hofu kama ya mama yako huwezi kumfungulia mlango wa ndege ghafla. Anahitaji miezi. Anahitaji kuuliza maswali yale yale mara kumi, kusali, kushona magauni mawili, kupanga nani atakamua ng'ombe, kuwaambia wenzake wa jumuiya kwamba wanangu wananipeleka safari, na wenzake wamuulize ni wapi huko naye ajibu. Hiyo furaha ya kusubiri mnataka kumnyang'anya mmpe dakika 5 za kushtuka eapoti. Na hospitali mmdanganye? Mtu wa sukari akiitwa Dar ghafla kupimwa anaanza kuwaza kuna nini ambacho hajaambiwa.

Mwambie ukweli, na mwambie akiwa na nafasi ya kukataa.

Paspoti muanze sasa hivi, sio mwezi wa sita. Ada ni 150,000 kila mmoja, hiyo sio shida, shida ni makaratasi. Watu waliozaliwa miaka ya hamsini wengi hawana cheti cha kuzaliwa, inabidi kupitia RITA wilayani, wale wa vizazi na vifo, viapo, na wazazi wao ambao ni marehemu zamani nao wanatakiwa kuthibitishwa. Kaa na kitambulisho cha NIDA cha mama, cheti chake cha ndoa na kadi yake ya kliniki, soma majina herufi kwa herufi. Mimi nimeshaona mama ambaye NIDA yake ina jina la ubatizo mwanzo, cheti cha ndoa kina la kikwetu mwanzo, na jina la baba yake limeandikwa kwa R sehemu moja na L sehemu nyingine, ikachukua miezi minne kunyoosha. Paspoti zikishatoka mkononi ndo unakata tiketi, na jina kwenye tiketi liwe kama la kwenye paspoti, lisipungue herufi.

Kuna kitu kingine ambacho hakuna wakala atakwambia, sindano ya homa ya manjano. Ukitokea huku kwetu kadi wanaweza kuiulizia, na mkipitia Nairobi ndo zaidi. Ila wote wawili wamepita 60, na watu wa umri huo wanaochanjwa kwa mara ya kwanza ndo wenye hatari kubwa zaidi ya kupata madhara makali, ni nadra lakini yapo. Kwa hiyo usiwapeleke tu dirishani wachomwe. Kwanza uliza kama waliwahi kuchanjwa zamani, maana tangu 2016 kadi ya zamani ni ya maisha, haiishi tena baada ya miaka 10. Kama hawajawahi, waonane na daktari anayewajua, aangalie sukari na presha na dawa zao, akisema wachanjwe basi iwe mapema, kadi inaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, akisema wasichanjwe anawaandikia barua rasmi ya msamaha, na hiyo barua mhakikishe mapema na shirika la ndege kwamba itapokelewa. Kadi ya kununua mtaani usiiguse.

Insulini ikae kwenye begi la mkononi, lake yeye, sio la mtu mwingine, na isiende kwenye begi la chini ya ndege sababu kule inaweza kuganda na ikishaganda ni ya kutupa. Wabebe ya kutosha siku za safari na ziada ya wiki nzima. Barua ya daktari kwa Kiingereza, dawa zote kwenye maboksi yake, kwa sababu Mauritius wako wakali sana na dawa, hasa za maumivu makali na za usingizi. Kwenye friji ya hotelini insulini wasiiweke karibu na kile kisehemu cha barafu. Na miguu, naomba hili ulisikie vizuri. Mtu wa sukari hatembei peku mchangani. Mchanga wa mchana unaunguza na yeye anaweza asisikie mpaka lengelenge limetoka, na ndani ya maji kuna matumbawe, kuna urchini, wale viumbe wa miiba miiba, kuna na samaki jiwe mwenye miiba ya sumu. Mnunulie vile viatu vya mpira vya kuingilia majini, jozi mbili, ya kwake na ya baba, saizi aijaribu akiwa hapa. Wewe uliyesoma kwa kandambili zake unajua kwa nini nakuambia hivi.

Tuje kwenye swali la waende wawili. Hapana mwanangu, aende mmoja wenu. Ndege ya kwanza, kubadilisha Nairobi, fomu, insulini, lugha ya Kifaransa na Krioli, na goti juu. Chumba chao wawe wawili peke yao, hiyo fungate ya mdogo wako naikubali kabisa, mtoto alale chumba kingine tena ghorofa nyingine, ila awepo. Na awe yule ambaye mama anamwambia akiumwa, kila familia ina mmoja. Ukikata tiketi uombe huduma ya kiti cha magurudumu kwa baba, ni bure, wanawapitisha hata kwenye foleni, yeye atakataa kusema mi sio mgonjwa, mwambie Nairobi ni kutembea sana. Viti vya ndege vya kando ya njia, sio dirishani, mama asilazimike kuangalia chini na baba apate kunyoosha goti na kwenda chooni bila kuruka watu.

Na toka Bukoba mpaka Dar mmepanga vipi? Kama hataki kupandia ndege Bukoba msimlazimishe. Zamani ningesita, sababu kwenda Mwanza kwa barabara ya Busisi ilikuwa lazima mpande kivuko, na hiyo kwake ni meli tu. Sasa kuna daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3, limefunguliwa Juni 2025, anavuka amekaa kwenye gari lake. Walale Mwanza kwa ndugu, asubuhi yake ndege ya Dar. Ila eapoti ya Mwanza nayo iko kando ya ziwa, mwambieni hilo kabla, asilione ghafla dirishani ndege ikiwa imeshaanza kukimbia. Mtoto wake amshike mkono, basi.

Hoteli chukueni ya kulipia kila kitu kabla, milo yote na vinywaji. Watu wanadhani hiyo ni ya wanywaji. Mi nilimpeleka marehemu mama yangu Shelisheli, nililipia chumba na chai tu nikijua mchana tutatafuta pa kula. Siku ya pili naingia chumbani kwake nakuta ameweka mayai mawili ya kuchemsha na mkate kwenye leso, kaficha kwenye droo, ndo chakula chake cha mchana, kwa sababu jana yake aliona bei ya wali samaki kwenye menyu akaipiga hesabu kwa shilingi. Kitanda ametandika mwenyewe. Nguo amefua kwenye sinki akaanika kwenye baraza. Chupa ya maji iliyokuwa kwenye friji hakuigusa siku mbili. Nilikaa pale kitandani nikalia. Toka siku ile nilijua mzazi wetu hawezi kupumzika mahali ambapo kila kitu kina bei mbele yake. Lipieni yote, mwambie imelipwa na haturudishiwi, atakula kwa amani. Na kufua na kutandika mwacheni, ndo namna yake ya kukaa kwa watu.

Ndizi na senene wasibebe, najua atataka kupeleka zawadi kwa wenyeji, matunda na vitu vya shamba wanavizuia eapoti. Apeleke kikapu alichosuka. Sweta wabebe, Septemba kule usiku kuna kibaridi, kwa mtu wa Bukoba ni hali ya hewa ya nyumbani, ila upande wa mashariki kuna upepo, ndo maana nakwambia magharibi au kaskazini. Asibanwe kuhusu nguo za kuogelea, ufukweni akae na kitenge chake.

Kaka yako naye asikilizwe. Kuna kitu anaona. Baba kama mstaafu wa serikali bima ipo yeye na mama, ila hakikisheni kadi ya mama inafanya kazi, na ile haiwafuati Mauritius, mkate bima ya safari inayokubali sukari na presha kwa kuandikwa, sio kwa mdomo. Pigeni hesabu ya safari ya watu watatu kwa siku 6 usiku 5, mkiacha hiyo nyumba ya juu ya maji naamini kuna hela itabaki. Mpeni kaka aisimamie, afanye bati kipindi wazee hawapo, wakirudi wakute. Hapo grupu la familia litatulia.

Na ukimwambia mama halafu akasema hapana, hataki ndege kabisa, muulize yeye angependa wapi. Wamama wengi wa huko kwenu watakwambia Namugongo, kwa Mashahidi wa Uganda. Ni barabara mpaka Kampala, kupitia Mutukula. Akisema hivyo mpeleke, na hoteli iwe nzuri kuliko zote alizowahi kuota.

Ila nina matumaini na Mauritius kwa sababu moja ambayo nimeiweka mwisho. Pale Sainte-Croix, Port Louis, kuna kaburi la Padri Jacques-Désiré Laval, mmisionari aliyewahudumia watumwa waliokuwa wameachiwa huru, Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri mwaka 1979. Kila mwaka usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Septemba watu wanatembea kwa miguu kutoka kisiwa kizima kwenda kusali pale, Wakatoliki, Wahindu, Waislamu, kila mtu na shida yake. Ni mwezi wa ndoa yao huo huo. Wao wasitembee, waende kwa gari asubuhi, washukuru kwa miaka 45, na mama apate mshumaa wa kumuwashia dada yake. Mwambie hilo kwanza, kabla hujataja bahari wala hoteli. Mpigie leo jioni akishatoka jumuiya, na baba awe karibu na simu.

Anti